Hamia Upande wa Pili wa Meza

Ndugu yangu uliye Columbus, Louisville, Dallas, Minneapolis au Lowell, hesabu kwa vidole watu wetu unaowafahamu ambao wamenunua nyumba Marekani. Vidole havitatosha. Yupo Mkenya aliyeuguza wazee usiku na mchana hadi akapata uwanja wake wa watoto kuchezea. Ipo familia ya Kikongo iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikaanza maisha upya Kentucky. Yupo Mtanzania aliyebeba boksi miaka nenda miaka rudi mpaka akashika ufunguo wa mlango wake mwenyewe. Sasa hesabu mara ya pili: ni wangapi kati yao walihudumiwa na ofisa mikopo aliyeweza kuwaeleza kwa Kiswahili maana ya karatasi walizokuwa wakisaini?

Nadhani hesabu hiyo ya pili haikukuchukua muda.

Katika familia zetu nyingi mkalimani wa siku hiyo ni mtoto wa shule. Anatolewa darasani, anakaa katikati ya baba na mama, mbele ya rundo la karatasi, anaulizwa: hapa wanasema nini? Anakutana na maneno yanayohusu riba inayobadilika, bima ya mkopo, akaunti ya kodi na bima, maneno ambayo hata kwa Kiingereza hajawahi kuyasikia. Anatafsiri anachoweza, kingine anakiruka. Baba anasaini. Deni la miaka 30 limeingia nyumbani kwa mdomo wa mtoto wa darasa la sita.

Na mfumo wenyewe haukututazamia. Machi 2023, mikopo inayouzwa kwa Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ilianza kutakiwa kuwa na fomu ya ziada inayomuuliza mwombaji lugha anayoipendelea. Zilichapwa lugha chache zenye visanduku vyake: Kiingereza, Kichina, Kikorea, Kihispania, Kitagalogi, Kivietinamu. Mswahili alipaswa kuweka alama kwenye kisanduku cha "nyingine", kisha aandike mwenyewe. Sitaki tukae tukilalamikia kisanduku. Nataka wewe uwe ofisa anayeketi upande wa pili wa meza, ili mama wa Kigoma, wa Uvira au wa Kisumu akiingia asihitaji kisanduku chochote.

Kazi hiyo ina leseni, leseni ina masharti, na masharti hayo unayaweza. Nayasema haya baada ya kuyasoma moja baada ya jingine, na baada ya kuwatazama watu wetu wanavyofanya kazi katika nchi ile. Mtu anayemaliza zamu ya saa 12 kwenye nyumba ya wazee, akapanda gari, akapeleka watoto shule, akalala kwa saa 4, akaamka kusomea cheti kingine, hawezi kushindwa na darasa la saa 20 linalotakiwa kwa leseni hiyo.

Lakini kabla ya masharti, niruhusu nikuoneshe ulicho nacho tayari, kwa sababu wengi wetu tunadhani tunakwenda kwenye kazi hii mikono mitupu.

Mchukue dada anayelipwa dola 21 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Muulize anapata kiasi gani kwa mwezi. Atachukua malipo ya wiki, dola 840, atazidisha kwa 4, atakwambia 3,360. Ndivyo sote tunavyohesabu. Ila mwaka una wiki 52, na miezi 12 ya wiki nne nne inatoa 48 tu. Ofisa mikopo anayeijua kazi yake anazidisha 840 kwa 52, anagawa kwa 12, anapata dola 3,640. Ni dola 280 zaidi kila mwezi, na dada hajaongeza hata saa moja ya kazi. Sasa tuseme mkopeshaji wake anakubali madeni yote kwa pamoja, na ya nyumba yakiwemo, yafike asilimia 43 ya kipato kabla ya kodi. Kwa hesabu yake ya kichwani mwisho wake ni kama dola 1,445 kwa mwezi. Kwa hesabu sahihi ni 1,565. Zipo nyumba zinazokaa ndani ya pengo hilo la dola 120. Zipo pia familia zilizoacha hata kuomba, kwa sababu hakuna aliyeketi nazo akafanya kuzidisha na kugawa kwa lugha wanayoielewa.

Njoo kwenye chama. Mkenya anaita chama, Mtanzania upatu au mchezo, Mkongo likelemba. Watu kumi wanachanga kila mwezi, mmoja anapokea. Zamu ya dada yetu imefika, dola 4,000 zimeingia kwenye akaunti yake kwa mpigo, na yeye anafurahi: malipo ya awali hayo yanapatikana. Mchambuzi wa mkopo anazitazama pesa hizo kwa jicho jingine kabisa. Kwa kanuni za Fannie Mae, kiasi kimoja kinachoingia kwenye akaunti ya mnunuzi wa nyumba na kuzidi nusu ya kipato chake cha mwezi ni lazima kielezwe kimetoka wapi, na kwa dada huyu nusu hiyo ni dola 1,820. Ofisa asiyejua upatu ataona fedha zisizo na maelezo. Pengine ataziondoa kwenye hesabu, na safari ya nyumba itaishia hapo.

Sasa kamata hili, maana wengi hawalijui. FHA, mamlaka ya shirikisho inayodhamini mikopo ya nyumba tangu 1934, ina kitabu chake cha mwongozo, namba 4000.1, na ndani yake vikundi vya kuweka na kuchangiana akiba vimetajwa kama chanzo halali cha fedha. Masharti yapo: kuwe na daftari na stakabadhi za kikundi, mhazini athibitishe kwamba kikundi bado kiko hai, ionekane kilianza lini, na ijulikane kwamba fedha hizo zimekusanywa kama akiba na hazikukopwa. Yaani lile daftari la mistari, analoandika mhazini wenu kila Jumapili baada ya ibada, majina upande mmoja na tiki upande mwingine, ni ushahidi unaokubalika kwenye ofisi ya mkopo. Nani anaweza kumwambia mhazini aliandike vizuri tangu leo, kwa tarehe na saini? Ni mtu anayejua kanuni ya 4000.1 na anayejua pia likelemba inavyokwenda. Mtu huyo hapatikani kwa urahisi katika ofisi zile. Mtu huyo ni wewe ukiwa na leseni.

Na kuna pesa za nyumbani. Kila mwezi dada yetu anamtumia mama yake dola 300, na karo ya mdogo wake ikifika anaongeza. Kwenye hesabu ya mkopo pesa hizo kwa kawaida hazimo, kwa kuwa hakuna mkataba unaomlazimisha. Karatasi inamruhusu akope hadi mwisho wa uwezo wake. Sisi tunajua kwamba mama akiugua, hakuna karatasi itakayomzuia kutuma. Ofisa anayetoka kwetu atafunga kalamu, atamwuliza: dada, nyumbani unatuma kiasi gani? Kisha atamshauri achukue nyumba ambayo ataweza kuilipia hata mwezi ambao simu ya usiku imeingia kutoka Bukoba. Swali hilo moja linaweza kuiokoa nyumba, na hakuna fomu inayoliuliza.

Waislamu wa Lamu, Mombasa, Zanzibar na Bujumbura waliohamia kule wana jambo lao pia. Wapo wanaopanga nyumba miaka yote kwa kuikimbia riba, bila kuambiwa kwamba Marekani ziko kampuni, mojawapo Guidance Residential, zinazotumia ubia unaopungua: kampuni na mnunuzi wanamiliki pamoja, na mnunuzi analipia sehemu ya mwenzake kidogo kidogo hadi nyumba iwe yake. Wanaowahudumia wateja wa bidhaa hiyo nao wanashika leseni hiyo hiyo ninayoizungumzia.

Haya, leseni yenyewe. Ili uithamini inabidi ujue ilizaliwa na nini. Kabla ya 2008 hapakuwa na kipimo kimoja cha nchi nzima cha nani anaruhusiwa kumwandalia mtu mkopo wa nyumba. Baadhi ya majimbo yalidai leseni ya maana, mengine karibu hayakudai kitu. Mtu aliyeharibu jimbo moja aliweza kuvuka mpaka na kuanza upya jimbo jingine. Miaka ile mikopo iligawiwa kwa watu ambao kipato chao hakikuthibitishwa, riba ya miaka 2 ya mwanzo ikiwa ndogo na baadaye ikiruka juu, na aliyeuza mkopo akilipwa zaidi kadiri alivyombandika mteja riba kubwa. Nyumba zikaanza kunadiwa mtaa kwa mtaa. Tarehe 30 Julai 2008 ikatiwa saini Sheria ya SAFE, iliyoweka kipimo hicho cha nchi nzima. Siku 47 baadaye, Septemba 15, benki ya Lehman Brothers ikafilisika.

Waliolia zaidi walikuwa wenye rangi yetu. Desemba 2011 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza makubaliano ya dola milioni 335 na kampuni ya Countrywide, kwa madai kwamba zaidi ya wakopaji 200,000 Weusi na Walatino walitozwa zaidi ya Wazungu wenye sifa kama zao, au walisukumwa kwenye mikopo mibaya. Soma sentensi hiyo taratibu. Watu wale walikuwa na sifa. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia ukweli. Kwa hiyo unapoambiwa ukae darasani saa 20, usione ni usumbufu wa serikali. Sheria hiyo iliandikwa baada ya watu kunyang'anywa paa, na wewe unasomea kuhakikisha jambo hilo halirudiwi kwa mtu wako.

Darasa lenyewe limegawanywa hivi: saa 3 za sheria za shirikisho, saa 3 za maadili pamoja na ulaghai na ulinzi wa mteja, saa 2 za mikopo isiyo ya kawaida, na saa 12 zilizobaki za mada nyingine za fani hiyo. Majimbo mengine huongeza saa chache za sheria zao. Kozi ni lazima iwe imeidhinishwa na NMLS, mfumo mmoja wa usajili unaotumiwa na majimbo, na nyingi zinasomwa kwa intaneti. Sheria ya shirikisho haidai shahada ya chuo kikuu. Haidai uraia. Majimbo kwa kawaida hutaka uwe na umri wa miaka 18, nawe uwe na kibali halali cha kufanya kazi na namba ya hifadhi ya jamii. Jimbo lako linaweza kuongeza lake, Florida kwa mfano inataka uwe umemaliza sekondari, kwa hiyo fungua ukurasa wa jimbo lako usome mwenyewe, usitegemee maneno ya barazani, na yangu mimi yakiwemo.

Kisha mtihani. Hapa ndipo wengi hutetemeka, na hapa ndipo nataka nikushike mkono.

Ada ni dola 110. Maswali 120 ya kuchagua jibu, 115 yanahesabiwa na 5 ni ya majaribio ambayo hutayatambua. Dakika 190. Unatakiwa upate asilimia 75. Unaweza kuufanyia kwenye kituo cha Prometric au nyumbani ukisimamiwa kwa kamera. Karibu robo ya maswali ni sheria za shirikisho, sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 27, ni shughuli zenyewe za kuandaa mkopo, na maadili yana asilimia 18. Ukianguka, unasubiri siku 30 na kurudi. Ukianguka tena, siku 30 nyingine. Ukianguka mara ya tatu mfululizo, unasubiri siku 180. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe ilitegemea kuwa watu wataanguka na kurudi, ikawawekea njia. Nani amekwambia wewe ndiye usiyeruhusiwa kurudi?

Mtihani ni wa Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha wanasheria. Usikariri herufi. Watu wengi wanaanguka kwa sababu wamekariri TILA, RESPA, ECOA kama majina ya dawa, bila kujua dawa inatibu nini. Kila sheria ina mtu iliyekuja kumkinga, na ukimjua mtu huyo sheria haikutoki kichwani. TILA ya 1968 inamkinga mama asiyeambiwa gharama halisi ya mkopo. RESPA ya 1974 inamkinga mtu anayeuzwa kimyakimya: inakataza kulipana bahashishi kwa kuelekezana wateja. ECOA ya 1974 inamkinga mwombaji asikataliwe kwa sababu ya rangi, dini, asili ya taifa, jinsia, ndoa, au kwa sababu sehemu ya kipato chake ni msaada wa serikali. Wangapi kati ya wakimbizi wetu wanadhani msaada wa serikali unawafungia mlango? Somea swali hilo ukimfikiria mjomba wako, na siku ya mtihani hutalisahau.

Fanya hivyo hivyo kwa siku 3, kwa sababu mtihani unazipenda. Mteja akishatoa vitu sita (jina, kipato, namba ya hifadhi ya jamii, anwani ya nyumba, makadirio ya thamani yake, na kiasi anachotaka kukopa) basi hilo ni ombi kamili hata kama hujapata karatasi nyingine yoyote, na ndani ya siku 3 za kazi ni lazima apelekewe Makadirio ya Mkopo. Mwishoni ni lazima awe na taarifa ya mwisho ya gharama mkononi siku 3 za kazi kabla ya kusaini. Kanuni hiyo ilianza Oktoba 3, 2015. Zile siku 3 za mwisho ni siku za mtoto wa darasa la sita kupumzika: familia inapata muda wa kukupigia wewe simu, mkaipitia karatasi mstari kwa mstari kwa Kiswahili.

Soma kwa makundi. Kama mnaweza kukutana kila Jumapili kuchanga pesa, mnaweza kukutana kuulizana maswali ya mtihani. Wawili watatu mkijiandikisha pamoja, mmoja ana nguvu ya hesabu, mwingine ana Kiingereza, mwingine amewahi kununua nyumba na anakumbuka karatasi zake. Tumia rekodi za sauti ukiwa njiani kwenda kazini. Na usikae muda mrefu baada ya darasa, fanya mtihani mambo yangali ya moto. Usipopata leseni ndani ya miaka 3, zile saa 20 zinakufa na unaanza upya.

Sharti linalofuata halisomewi. Utapigwa alama za vidole na rekodi yako itapitiwa na FBI. Aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai ndani ya miaka 7 iliyotangulia hapati. Na kama kosa hilo kubwa lilikuwa la ulaghai, udanganyifu, uvunjaji wa uaminifu au utakatishaji wa fedha, hapati kabisa, hata kama ni miaka 30 iliyopita. Aliyewahi kufutiwa leseni hiyo naye mlango umefungwa. Ripoti yako ya mikopo pia itavutwa. Sheria ya shirikisho haikuweka alama ya chini. Inachotafutwa ni kama unaaminika kwenye fedha: hukumu za madeni zisizolipwa, madeni ya kodi, mazoea ya kutolipa. Deni la hospitali la mwaka ule lisikufanye ukae nyuma. Likusanye, lilipe kidogo kidogo, weka barua za makubaliano, na ukiulizwa eleza. Maswali ya fomu yajibu kwa ukweli wote, hata lile linalokuumiza. Kosa dogo lililoelezwa lina njia; uongo kwenye fomu ya leseni ya uaminifu hauna.

Ninasisitiza hili kwa vijana walio shule au walioanza kazi juzi: ilinde rekodi yako sasa. Kuna jamaa atakayekuomba "umsaidie jina" anunulie nyumba. Atasema ni karatasi tu. Kununua nyumba kwa jina lako ilhali mwenye nyumba ni mwingine, na kuficha hivyo kwa mkopeshaji, ni ulaghai wa mkopo, na ni kosa linaloweza kukufungia kazi hii maisha yako yote. Kataa, hata akiwa mtu wa nyumbani.

Baada ya hayo leseni inakubaliwa na jimbo, lakini bado huwezi kufanya kazi hadi kampuni iliyo na leseni ikudhamini kwenye mfumo. Dhamana ya kifedha ambayo sheria inaitaka, mara nyingi kampuni ndiyo huibeba. Kila mwaka unahuisha kati ya Novemba 1 na Desemba 31 baada ya kusoma saa 8, na saa hizo si mzaha, maana kanuni zinabadilika: Mei 2025, FHA iliacha kupokea waombaji wengi wasio na ukaazi wa kudumu. Ofisa wetu asiyesoma angeendelea kuwapa watu matumaini ya mwaka jana.

Kama mtihani unakutisha kweli kweli au huna akiba ya kuvumilia miezi ya mwanzo, iko njia ya kando. Wanaofanya kazi hii wakiwa waajiriwa wa benki au vyama vya akiba na mikopo vilivyo chini ya usimamizi wa shirikisho husajiliwa NMLS na kupigwa alama za vidole, bila kulazimika kufanya mtihani huo wala zile saa 20. Wengi wanaweza kuanzia kwenye dirisha la benki, wakahamia kwenye mikopo, wakachukua leseni kamili baadaye. Ni njia ya heshima, na nampongeza anayeipita.

Kuhusu pesa sitakudanganya. Wengi katika kazi hii hulipwa kwa kamisheni, sehemu ndogo ya mkopo uliokamilika. Asilimia 1 ya mkopo wa dola 300,000 ni dola 3,000, kabla ya makato na mgao wa kampuni. Ukikamilisha mikopo mitatu mwezi mmoja utatabasamu. Mwezi unaofuata riba zinapanda, wauzaji wanajificha, hukamilishi hata mmoja. Kwa hiyo usiache kazi ya zamu siku leseni inapofika. Punguza taratibu, weka akiba ya miezi kadhaa, waeleze wa nyumbani mapema. Aliyekuambia utatajirika ndani ya siku 90 anakuuzia kozi.

Ila kuna kitu sheria imekupa ambacho ofisa wa 2005 hakuwa nacho: kamisheni yako hairuhusiwi kutegemea ukubwa wa riba uliyompa mteja. Hulipwi zaidi kwa kumuumiza mama yako. Unaweza kumpa mkopo ulio bora kwake bila kujinyima. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipenda kazi hii.

Na sasa ndugu zangu ambao tayari mnafanya "msaada" huu mitaani bila leseni, nawaombeni mnisikilize. Mnawajazia watu fomu za mkopo, mnawatafutia masharti, mnachukua dola 500 za shukrani. Anayepokea ombi la mkopo wa nyumba au kujadili masharti yake kwa malipo anatakiwa awe na leseni. Bahasha mnayopewa na ofisa kwa kumpelekea wateja ndiyo ile iliyokatazwa na RESPA. Najua wengi wenu mlianza kwa huruma, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Basi huruma hiyo hiyo iwapeleke darasani. Watu tayari wanawaamini. Imani ya watu haifundishwi kwenye kozi yoyote, na ninyi mnayo. Ikalisheni mahali halali, mlipwe mchana kweupe, na siku mteja akidhulumiwa awe na pa kuwashitaki na namba ya NMLS ya kuwataja kwayo. Ofisa mwenye leseni anaweza kuchunguzwa jina lake na mtu yeyote kwenye tovuti ya NMLS bila malipo. Hilo linawalinda watu wetu dhidi ya matapeli wanaojua Kiswahili kama sisi, na wapo.

Wewe uliyesoma hadi hapa huku ukisema "mimi umri umekwenda", au "Kiingereza changu kina lafudhi": hakuna sharti la lafudhi katika Sheria ya SAFE, wala la ukomo wa umri. Mama wa miaka 50 aliyeendesha duka Bukavu, akakimbia vita, akaishi kambini, akaanza upya Marekani kwa kufua mashuka ya hoteli, anajua hesabu ya deni kuliko kijana yeyote aliyesoma kitabuni. Ameshahukumu kwa macho nani analipa na nani halipi. Mpeni kozi, mpeni watoto wamsaidie Kiingereza kila usiku, na mumwache afanye mtihani.

Akaunti ya mtu binafsi kwenye NMLS inafunguliwa bure. Ifungue wiki hii, andika namba utakayopewa, kisha mtafute mwenzako mmoja wa kusoma naye na mjiandikishe kozi iliyoidhinishwa kabla ya mwezi kwisha. Watu wanaokusubiri tayari wana malipo ya awali kwenye daftari la chama.